Msimu Tulioupasua Ukuta wa San Rafael

Jumatatu, 10 Juni 1968

Daftari hili nilipewa kanisani miaka sita iliyopita. Tuliambiwa kila mmoja aandike maisha yake kwa ajili ya wajukuu. Sikuandika hata mstari. Niandike nini? Matikiti yanapandwa, matikiti yanavunwa, mume anazikwa, matikiti yanapandwa tena. Lakini leo nimeanza kazi ya kupikia watu wa barabara, na nimerudi nyumbani nikiwa na jambo la kusimulia.

Kambi iko maili kumi na tano magharibi ya Green River, chini kabisa ya Ukuta. Watu arobaini na mmoja. Jikoni kwangu ni trela lenye majiko mawili na friji inayonguruma kama dume la ng'ombe. Mkuu wa kazi ni mhandisi wa mkandarasi, Bwana Hadley, mtu mrefu mwenye miwani, anayekula kwa haraka huku macho yake yako kwenye michoro.

Ukuta wenyewe, safu ya miamba mirefu iliyosimama wima, nimeuona tangu nizaliwe. Ukisimama shambani kwangu unauona umelala upande wa magharibi kama taya la chini lililojaa meno, kutoka kaskazini hadi kusini, bila pengo. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kusimama miguuni pake nikiwa na karatasi ya Bwana Hadley mkononi, na mstari mwekundu umepita katikati ya meno yale. Nilimuuliza kama wamekosea. Akasema hawajakosea.

11 Juni

Joto. Viazi vimeungua. Hakuna aliyelalamika.

14 Juni

Leo kibarua mmoja alimuuliza Bwana Hadley kwa nini serikali imeamua kuleta barabara mahali ambapo hata mbuzi anajuta kuzaliwa. Wote wakacheka. Yeye hakucheka. Akaomba nimpe unga, akaumwaga mezani, akauchora kwa kidole.

Mwanzo, alisema, barabara namba sabini ilitakiwa itoke mwambao wa mashariki, huko Baltimore, ivuke nchi ya mashamba, ifike Denver, na hapo iishe, kwa sababu mbele yake ni milima. Watu wa Colorado hawakukubali wawe mwisho wa njia. Wakadai iendelee. Huku kwetu Utah tukafikiri ikiendelea itapanda kaskazini kupitia Price hadi Salt Lake, kama barabara zote zilivyofanya tangu enzi za mikokoteni, kwa sababu kila aliyewahi kufika kwenye Ukuta huu aligeuka. Lakini huko Washington walitaka njia fupi ya kwenda California. Mwaka hamsini na saba wakaweka rula kwenye ramani na kuchora mstari kutoka Green River kwenda magharibi moja kwa moja. Maili mia moja na kumi. Hakuna mji, hakuna nyumba, hakuna kituo cha petroli. Hakuna barabara ya zamani ya kuipanua. "Barabara nyingine zote tunazijenga juu ya nyayo za mtu," alisema. "Hii haina nyayo za mtu yeyote."

Nilitaka kumwambia zipo. Kaka yangu Orval amewapitisha ng'ombe humo kwa miaka arobaini, na baba yetu kabla yake. Badala yake nikafuta unga.

19 Juni

Leo jeshi limerusha roketi kutoka kituo chao ng'ambo ya mto. Tulitoka wote nje na masufuria mikononi. Ilipanda ikiwa nyeupe, ikapinda kusini kwenda New Mexico, na mtu mmoja akasema itafika kabla kahawa yake haijapoa. Kahawa nawapikia, siionji, kanisa letu limeikataza. Wameshazoea, hawanitanii tena.

Jumapili, 23 Juni

Orval hakukaa nami kanisani. Alikaa benchi la nyuma na kofia yake mapajani, na ibada ilipokwisha akawa wa kwanza kutoka. Nilimkimbilia hadi kwenye pikapu yake.

Nilimuuliza kosa langu. Alisema hana neno nami. Nikasema mtu asiye na neno hamkimbii dada yake. Ndipo akanigeukia.

"Unawapikia, Thora. Wanakula, wanapata nguvu, wanakwenda kunizika."

Anayo haki ya kuwa na uchungu. Wakati wa kiangazi ng'ombe wake wako juu, kwenye nyanda za Sinbad, na kipupwe kikija huwateremsha kwenye jangwa la upande huu. Mlango wake ni mmoja tu: Korongo la Mbwamwitu wa Madoadoa, ambalo mahali pengine ni jembamba kiasi kwamba mtu akitandaza mikono anagusa kuta zote mbili. Ng'ombe hupita mmoja mmoja, siku mbili nzima. Na ni korongo hilohilo Bwana Hadley anataka kulipanua liwe la magari manne sambamba.

Nilimwambia kaka kwamba barabara itakuja nisipopika na nikipika. Akawasha gari.

27 Juni

Nimewaona watu wa kamba kazini. Nilipeleka chakula cha mchana hadi mdomo wa korongo, nikatazama juu nikifikiri ni ndege. Ni watu. Wamefunga kamba kwenye vyuma juu kabisa ya Ukuta, futi mia nne au zaidi, wakateremka wakining'inia na mitaimbo, wanabandua mawe yaliyolegea ili yasije yakawaangukia walio chini. Jiwe likitoka unaliona kwanza, kisha unasikia.

Kiongozi wao ni Celso Archuleta, mtu wa San Luis, Colorado, mfupi, mabega mapana. Nilidhani mtu wa kazi hiyo ni mwendawazimu au mlevi. Aliposhuka alinawa mikono kwa makini kama daktari, akasali, akala, akanishukuru. Nilimuuliza kama haogopi. Akasema, "Naogopa kila siku, señora. Siku nisiyoogopa nitashuka nirudi nyumbani, maana siku hiyo ndiyo mbaya."

3 Julai

Nyuzi joto mia na sita za Farenhaiti. Siagi imegeuka mafuta.

11 Julai

Baruti za kwanza kubwa. Kila ikilipuka vikombe vinacheza rafuni. Nimevitoa vyote nikavipanga chini.

24 Julai

Siku ya Waanzilishi, ya kuwakumbuka wazee wetu waliohamia Utah. Gwaride mjini, watoto na mikokoteni, keki. Bwana Hadley alikuja, akasimama pembeni peke yake kama mtu aliyealikwa arusi ambayo hamjui bibi wala bwana. Nikamkaribisha mezani kwetu, nikampa viazi vya jibini na nyama. Aliniuliza kuhusu wazee wetu. Nikamwambia bibi mzaa baba alitoka Denmark akiwa na miaka kumi na mitano, akasukuma mkokoteni wa mkono kuvuka nyanda zote zile, na dada yake akafia njiani, wakamfukia kwa theluji kwa sababu ardhi ilikuwa imeganda.

Aliweka uma chini. Kisha alisema yeye hupima miteremko kwa namba, asilimia nne, asilimia sita, na hajawahi kuipima kwa mtu anayesukuma mkokoteni. Nilikuwa nikimwona mtu wa majivuno. Sasa nadhani ni mtu ambaye hakufundishwa kuzungumza na watu, akafundishwa kuzungumza na mawe.

Orval hakuja.

2 Agosti

Mawingu upande wa magharibi jioni. Hayakuleta kitu.

7 Agosti

Orval amekuja kambini. Nilimkuta farasi wake wa kijivu, Pilgrim, amefungwa kwenye nguzo ya trela langu. Nilidhani amekuja kugombana.

Hakugombana. Aliingia ofisini kwa Bwana Hadley, na kwa kuwa ukuta wa ofisi ni mbao nyembamba nilisikia yote. Kaka alisema mwezi wa Agosti maji ya korongo hayatoki mbinguni juu yako. Yanatoka kwenye mbingu ya mtu mwingine. Mvua inanyesha Sinbad, maili ishirini huko, juu ya mwamba mtupu usiomeza tone, na saa tatu baadaye korongo linajaa huku wewe ukiwa umevaa kofia ya jua. Akasema waweke mtu juu wa kutazama magharibi.

Bwana Hadley alimshukuru kwa adabu. Akasema wana takwimu za mvua za miaka thelathini, na kwamba mwaka huu ni mkavu. Akasema mtu mmoja wa kutazama mawingu ni mtu mmoja pungufu kwenye drili.

Orval alipotoka alipita mbele yangu. Nilimpa mkate wa moto na asali. Aliupokea, jambo ambalo hajalifanya tangu nianze kazi hii, akaula akiwa juu ya farasi, macho yake kwenye Ukuta. Sikuwa nimewahi kumwona kaka yangu akiutazama hivyo. Nilizoea kudhani anauchukia, maana umempa baridi, umemvunja mguu, umemuulia ng'ombe wengi. Leo niliona ni kama mtu anayemtazama mzazi wake mgonjwa.

Jumanne, 13 Agosti

Nataka niandike leo, kabla sijaanza kusahau nani alitangulia na nani alifuata.

Saa sita mchana nilikuwa kwenye mdomo wa korongo na pikapu ya chakula. Anga juu yetu ilikuwa buluu tupu. Watu wengi walikuwa wametoka kuja kula. Ndani, nusu maili hivi, kwenye sehemu nyembamba, walibaki wanane: wanne kwenye kamba, Celso akiwa mmoja wao, na wanne chini na drili. Walisema watamaliza mashimo mawili kwanza. Redio ya mkononi haifiki kule, mwamba unaizuia.

Orval alikuja kwa mbio kutoka upande wa kusini, Pilgrim akitoka povu. Hakumsalimu mtu. Alimwonyesha Bwana Hadley kwa kidole upande wa magharibi, na tulipopanda juu ya boneti ya pikapu tukaona: juu ya Ukuta, mbali sana, mstari mweusi mwembamba kama masizi ya sufuria.

"Ilianza lini?" aliuliza Bwana Hadley.

"Nimeiona saa tatu asubuhi. Hesabu mwenyewe."

Bwana Hadley alitazama saa yake. Alianza kukimbia kuelekea korongoni, kwa miguu, na viatu vyake vya ofisini. Orval alimpita, akamwinamia, akamsukuma kifuani kwa kiganja, si kwa hasira, kama unavyomzuia ndama. "Wewe hujui pa kupandia," alisema. "Mimi najua." Kisha akaingia ndani.

Sisi tukabaki. Sijui ilikuwa dakika ishirini au arobaini. Kwanza upepo ulitoka korongoni, upepo wa baridi, mahali ambapo hapajawahi kutoka upepo. Ulinuka udongo na mierezi iliyopasuka. Kisha tukasikia mlio, na wengi walidhani ni treni, wakageuka kutazama mjini. Msimamizi wa matingatinga akapiga kelele tupande, nikaacha mkate wote, nikapanda mawe kwa magoti na viwiko kama msichana wa miaka kumi.

Maji hayakuja kama maji. Ulikuja ukuta wa matope mekundu, juu yake miti mizima, na mbele yake mawe yakibingirika kama matikiti. Uliibeba kompresa ya chuma ambayo ililetwa na magari mawili. Uliibeba pikapu yangu na chakula chote. Kisha, katikati ya miti, nikaona shingo ya kijivu. Ilizama. Ilitokea tena. Ilikuwa Pilgrim, na tandiko lake lilikuwa tupu.

Sikulia. Nilikaa kwenye jiwe. Bwana Hadley alikuwa amekaa karibu nami, miwani mkononi, anasema maneno yaleyale kwa sauti ndogo: aliniambia, aliniambia. Nilitaka kumpiga. Badala yake nilimshika mkono, na sijui kwa nini, labda kwa sababu nilihitaji kushika kitu.

Maji yalipungua jioni, jua likiwa bado juu ya Ukuta. Na wa kwanza kutoka, akitembea ndani ya matope yanayofika magotini, alikuwa Celso. Nyuma yake wengine. Nilihesabu hadi nane. Kisha wa tisa, hana kofia, anachechemea kwa mguu wake wa siku zote.

Walivyonisimulia ni hivi. Orval aliwafikia akawaambia waache vyombo. Wale wa kamba walikuwa salama walipo, futi mia mbili juu. Wale wa chini hawakuwa na pa kwenda, kuta zimesimama wima pande zote. Lakini kaka anajua ngazi moja ya mwamba ambayo kondoo mwitu hupita, upana wake ni kama rafu ya vitabu, na inaanza juu ya kichwa cha mtu. Aliwapandisha kwa kusimama juu ya mgongo wa Pilgrim. Mmoja, wawili, watatu. Farasi yule alisimama kimya, ingawa alishasikia mlio kabla yao. Wa nne alikuwa Dutch Amundsen, mtu wa uzito wa mapipa mawili, na jiwe alilolishika lilikatika. Akaanguka akavunjika mkono. Ndipo Celso akajishusha kutoka juu, akamfunga kiunoni mkanda wake mwenyewe wenye kamba, na wale watatu waliobaki kwenye kamba wakamvuta Dutch juu huku akitukana. Celso akabaki chini bila kamba, yeye na kaka yangu na farasi.

Orval alimwambia panda. Celso akasema panda wewe, mzee. Wakabishana, maji yakiwa yameshafika kwenye kona. Mwishowe Orval alimwambia, "Farasi ni wangu, adabu ni yangu, mgeni anatangulia." Celso alipanda mgongoni kwa Pilgrim, akashika rafu, akageuka akamshika kaka yangu kwenye ukosi. Anasema Orval alikuwa bado ameshika hatamu. Alimwambia aachie. Hakuachia. Alimwambia mara ya pili.

Nilimuuliza Orval kuhusu hilo nilipomfunika blanketi. Alisema, "Niliachia, Tho." Hajaniita Tho tangu tulipomzika mama.

14 Agosti

Kazi imesimama. Bwana Hadley alikusanya watu wote akasimama mbele yao. Alisema alionywa siku sita kabla na mtu aliyejua, akachagua takwimu. Alisema ataandika hivyo kwenye ripoti kwa jina lake. Kisha akavua kofia yake ngumu, akaenda mbele ya Orval, na sote tukadhani atatoa hotuba. Akamwomba amwonyeshe maji yanafika wapi.

Orval aligeuka kuitazama nguzo ya trela langu. Alisema hana farasi. Bwana Hadley akasema atatafuta wawili.

21 Agosti

Wameondoka wiki nzima sasa, wawili hao, juu ya farasi wa kukodi. Celso anasema Bwana Hadley anapanda farasi kama mtu aliyekaa juu ya jiko.

25 Agosti

Wamerudi. Mhandisi amebabuka pua, hawezi kukaa kitini, na ana daftari mbili zilizojaa. Kila mahali Orval alipoonyesha alama ya maji ya zamani, mchirizi kwenye mwamba, gogo lililokwama juu kwenye ufa, aliipima. Ameniambia kwamba maji ya juzi hayakuwa makubwa. Kuna alama moja ambayo Orval alionyeshwa na baba, ya mwaka elfu moja mia tisa na tisa, iko juu kuliko alama za juzi kwa futi kumi na moja. "Kalavati nilizochora za kupitisha maji chini ya barabara zingekuwa mirija ya kunywea soda," alisema. Atachora upya, na ataomba kibali.

5 Septemba

Matikiti yameiva yote kwa pamoja. Nimeomba siku nne. Watu sita wa kambi walikuja kunisaidia kuvuna bila kuombwa, Dutch akiwa mmoja wao, mkono wake kwenye plasta, akibeba tikiti moja moja chini ya kwapa kama mtoto mchanga.

Alhamisi, 19 Septemba

Leo wamelipua bega la Ukuta.

Wamelitoboa kwa wiki tatu tangu kazi ianze tena, mashimo mamia, wakayajaza. Tulirudishwa maili moja nyuma. Nusu ya mji ilikuja, na viti. Mwalimu wa shule alileta darasa zima. Orval alikuja pia, akasimama kando yangu na mikono mfukoni.

King'ora kililia mara tatu. Kisha kimya, kimya ambacho hata nzige walikisikia. Nilitegemea mshindo kwanza. Lakini kwanza mlima ulivuta pumzi. Sina namna nyingine ya kusema. Uso wote wa mwamba, mpana kama mji wetu, uliinuka kidogo, polepole, ukasimama angani kana kwamba unafikiri, na nyufa zikakimbia juu yake kama mishipa kwenye mkono wa mzee. Ndipo ardhi ikanipiga nyayo. Ndipo mshindo ukafika, na ukaenda ukagonga Ukuta wote kaskazini na kusini, ukarudi, ukaenda tena. Mwamba ulishuka. Vumbi jekundu lilipanda hadi jua likawa kama sarafu ya shaba.

Hakuna aliyepiga makofi. Watoto wa shule walikuwa wameshikana mikono bila kuambiwa. Vumbi lilipokwenda tuliona anga mahali ambapo tangu kuumbwa kwa dunia hapakuwa na anga. Pembe tatu ndogo ya buluu, kati ya jino na jino.

Nilihisi furaha na msiba kwa pamoja, kama siku niliyomwoza binti yangu. Nilimgeukia kaka nikitegemea machozi au matusi. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayesali, "Sikujua Ukuta unaweza kusogea."

1 Oktoba

Kibali kimekuja. Kalavati kubwa tatu, na moja ya nne iliyo kavu, ya kupitisha ng'ombe chini ya barabara, futi kumi na mbili kwa kumi. Bwana Hadley aliileta barua mwenyewe hadi zizini kwa Orval. Kaka alisoma mara mbili, akauliza kama ng'ombe watakubali kuingia shimoni. Bwana Hadley akasema hilo halimo kwenye takwimu zake. Walicheka wote wawili, na mimi nikaingia ndani kutafuta sahani nisionekane uso.

9 Oktoba

Theluji nyepesi juu ya Sinbad. Wiki ijayo wanafunga jikoni, watabaki wachache tu hadi majira ya kuchipua. Barabara yenyewe haitakwisha mwaka huu wala mwakani.

Alhamisi, 17 Oktoba

Siku yangu ya mwisho. Nilikuwa nafunga masanduku Celso alipokuja na pikapu, akiwa na Orval tayari ameketi. Akasema nipande, kuna kitu wamekifungua jana na hawajui wafanye nini nacho.

Tulipanda ndani ya mpasuko kwa gari, juu ya kokoto, matingatinga yakitupisha. Pande zote mbili mwamba uliokatwa ulikuwa na rangi nisizowahi kuziona nje: zambarau, kijani cha shaba, weupe wa maziwa. Mawe ambayo jua lilikuwa halijawahi kuyagusa hadi mwezi huu. Tulizungumza kwa kunong'ona na hakuna aliyetuambia tunong'one.

Karibu na juu, tingatinga moja lilikuwa limezimwa. Bwana Hadley alikuwa amesimama mbele yake, dereva wake amekaa kwenye mnyororo wa magurudumu, na mbele yao bamba la mwamba, pana kama sakafu ya ukumbi wa kanisa, limefagiliwa safi.

Juu yake kulikuwa na nyayo.

Vidole vitatu kila moja, ndefu kuliko mkono wangu hadi kwenye kiwiko, zimezama ndani ya jiwe kana kwamba mtu amekanyaga matope asubuhi hii. Celso aliziona alipokuwa kwenye kamba, jua la jioni likizitia vivuli. Bwana Hadley alisema amempigia simu mtu wa chuo kikuu, atafika kesho, na wala hana haja ya kuambiwa ni mnyama gani wala wa miaka milioni mingapi. Akamgeukia kaka yangu.

"Nataka kujua alikuwa anafanya nini. Wewe ndiye unayesoma nyayo."

Orval alivua kofia. Alipiga goti kwa shida, kwa mguu ule, akaweka kiganja ndani ya unyayo wa kwanza, akakiacha humo. Akasogea wa pili. Akasogea wa tatu. Aliinama akatazama kwa ubavu, shavu lake karibu na jiwe, kama ninavyomwona siku zote anapotafuta ndama aliyepotea. Sote tulisubiri. Nilisikia saa ya mkononi ya Bwana Hadley.

"Alikuwa anakwenda magharibi," alisema mwishowe. "Hakuwa na haraka. Ardhi ilikuwa na majimaji, hapa ameteleza kidogo. Halafu hapa," na akagusa alama ndogo pembeni, ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameziona, "kuna mwingine. Mdogo. Anakimbia ili amfikie."

Dereva wa tingatinga alishuka akaja kuangalia. Akavua kofia yake ngumu pia.

Orval akainuka, akaanza kutembea kando ya nyayo zile, bila kuzikanyaga, hatua zake mbili fupi kwa kila hatua moja ya yule mkubwa. Tulimfuata mmoja mmoja. Zilivuka bamba lote, kubwa na ndogo, zikafika kwenye ukuta wa mwamba ambao bado haujakatwa, na hapo zikaingia ndani.

Kaka aliweka mkono juu ya mwamba ule mahali zilipoingilia. Tulisimama nyuma yake, watu wanne, na tukabaki hivyo hadi kivuli kikatufikia na Celso akavua koti lake akanivisha.